Bakuli Lisilorudi Tupu

Kila kitu cha Mama Wasike kilikuwa kimeshafungwa ila bakuli. Kesho mwanawe angekuja kumhamishia Bungoma, baada ya kuzeekea mtaa wa Tena jijini, naye alikuwa ameketi kitandani amelipakata bakuli lile jeupe la bati.

"Kukhu, si uliweke tu kwa gunia?" mjukuu wake Ayuma alimhimiza. "Hata limebanduka rangi."

"Palipobanduka ndipo penye maneno. Niulize."

Ayuma hakuwa mtu wa kuacha swali njiani. Akagusa ukingo.

"Hapo ni siku baba yako alipozaliwa. Jirani yetu Mama Rayyan alikuwa ananiletea uji, akasikia kilio, akaliachia."

"Na hapa lilipobonyea?"

"Siku babu yako alipofutwa kazi Industrial Area, akarudi nyumbani akiimba. Nililirusha nikilenga kichwa chake. Mungu ni mwema, nikapiga ukuta."

Sehemu ya chini ilikuwa imeungua. Hapo bibi alipapasa kwa kidole. Baada ya kumzika mzee, alisema, hakutaka kula, mpaka Mama Rayyan alipompashia wali humo humo na kumlisha kwa mkono.

"Kwani lilinunuliwa wapi?"

Hilo likamshinda. Kila Idd bakuli lilitoka kwa Mama Rayyan, jirani wa mlango wa pili, limejaa pilau. Kila Krismasi lilirudi kwake na chapati, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu, nani asiyelijua hilo? Limekwenda na kurudi mpaka limesahau kwao.

"Basi huenda ni lake," Ayuma akasema.

Mama Wasike alihisi kuchomwa. Maisha yake yalikuwa mle ndani, lakini kuondoka na mali ya mtu asingeweza. Akalijaza njugu za kukaanga, akajitanda leso, akaenda kupiga hodi, Ayuma nyuma yake.

Mama Rayyan alicheka akashika mbavu. "Langu? Mwenzangu, wewe ndiwe uliyelileta kwanza, na mboga ya mrenda. Nilijiuliza utelezi ule unaliwaje!"

"Wewe ndiwe uliyelileta, na mahamri!"

Walibishana, wakacheka. Lakini Mama Wasike alijua fika kwamba kinachomuuma si bakuli. Aliogopa kwamba wakiagana leo, ndiyo basi.

Mama Rayyan akamwaga njugu kwenye sinia, akalisuuza bakuli, akalifuta kwa ncha ya kanga. Mama Wasike akanyoosha mkono. Mwenzake akalikumbatia.

"Limeingia kwangu limejaa. Nikurudishie tupu, watu waseme nini?"

"Tia chochote. Tia hata chumvi."

"Chumvi sina."

Kopo la chumvi lilikuwa mezani, mbele ya macho ya Ayuma, wala hakuthubutu kulitaja.

"Idd nitalileta mwenyewe, limejaa mahamri."

"Hadi Bungoma? Na magoti hayo?"

"Magoti ni yangu, Mama Wasike. Wewe niambie tu, nashukia wapi?"