Toa Kidole, Shemeji

Mwaka ule wa kusaka wahujumu uchumi, sukari hapa Bweri tulikuwa tunaisikiaga kwa jina tu. Kwa hiyo Machage alipoingia kwangu na kilo mbili kwapani, nilijua amekuja kuoa.

Machage ni mdogo wa marehemu mume wangu, Burito. Matanga yalikuwa yamekwisha, na kwa ukoo wao ng'ombe za mahari zikishatolewa, mjane habaki hivihivi, anarithiwa. Mimi sikutaka. Mtu mwenyewe alishinda Buhemba miaka yote akitafuta dhahabu, akarudi na kikohozi. Lakini wazee wa kanisa wakimbariki, ningekimbilia kwa nani?

Alikuwa mjanja. Alijua kundi letu la Biblia linakutana kwangu, akataka chai ipikwe kwa sukari yake, halafu somo achague yeye.

Mwalimu wetu Silasi alikuwa ametoka semina Bunda na mtindo mpya. Mstari una majirani, alisema. Usiondoke na mstari kabla hujapiga hodi kwa jirani wa juu na wa chini, ukauliza nani anasema, anamwambia nani, kwa nini. Kwa mtindo huo tulikaa kwenye safina ya Nuhu mpaka masika yakaisha, na mbuzi walikuwa bado hawajapanda.

Siku hiyo Machage akafungua Torati, akabandika kidole gumba kinene kama mpini, akasoma kwa sauti: ndugu wa marehemu amchukue mjane. Akafunga mdomo.

"Imeandikwa," akasema.

"Amina," akajibu Mzee Kasmiri wa baraza la kanisa, akinyoosha kikombe kiongezwe.

"Mwalimu," nikasema, "leo hatupigi hodi kwa majirani?"

Silasi akaangalia chai yake. Chai ilikaribia kushinda.

"Kwa Nuhu tuligonga mpaka mikono ikauma," Pelagia jirani yangu akadakia. "Kwa shemeji tunakimbilia wapi?"

"Toa kidole, shemeji," nikasema.

"Kinashikilia ukurasa. Upepo."

"Upepo gani, na dirisha nimeziba kwa gunia?"

Akatoa. Silasi akaanzia pale kidole kilipolala: sheria ni ya ndugu wanaokaa pamoja, mmoja akafa bila kuacha mtoto wa kiume.

Pelagia akanigeukia, uso mkavu kabisa.

"Mama Lukas, hivi huyu Lukas ni nani yako?"

"Si ndiye mtoto wa Burito, yuko Bunda, kiwanda cha pamba, na ndevu zake?"

Kicheko kikapasuka. Machage akasimama.

"Basi simtaki! Nani anataka mwanamke mwenye mdomo hivi?"

"Wazee mmesikia, amekataa," nikasema. "Mwalimu, jirani wa chini anasemaje?"

Silasi akasoma, mabega yakimtikisika: akikataa, mjane amvue kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate usoni.

Wote tukageukia mlangoni, zilipokaa raba zake mpya zilizopita njia za panya kutoka Kenya. Aliziwahi zote mbili, akazikumbatia, akaondoka peku kwenye miiba.

Mzee Kasmiri akamaliza kikombe, akatamka kwamba kanisa halina ndoa hapo, akauliza kama sufuriani imebaki.

Na yale mate? Niliyameza. Yalikuwa na sukari.