Simu Iliyolala Uganda

Kituoni Bungoma, Afande Muturi alimsomea Chepkosgei, mkulima wa Kapsokwony, rekodi za simu yake za mwaka mzima.

"Mama, umelala Uganda usiku arobaini. Hii ni magendo. Leo utalala ndani."

"Nililala kwangu, afande. Kule mlimani simu hushika mnara wa Uganda."

"Mitambo haidanganyi."

"Hata Agosti kumi na mbili?"

"Hata hiyo ulilala Uganda."

"Si ndiyo siku ya posa ya binti yangu, bana! Ulikula nyama kwangu, ukampigia bibi yako ati uko semina Kitale. Hebu tusome na rekodi za simu yako."

Muturi alimruhusu aende. Kisha akamwuliza fundi wa mitambo wa kampuni ya simu kama rekodi moja inaweza kufutwa.

"Haifutiki, afande," fundi alisema. "Tunahifadhi za kila mtu."