Sehemu ya Pili ya Mpagazi wa Tatu

Kila Jumamosi saa nane na nusu mchana, Seline alikuwa ameshaketi kwenye kigoda chake kando ya mlango wa jumba la sinema mjini Kisumu, akikunja magazeti ya zamani kuwa vifuko vya njugu. Njugu alizikaanga mwenyewe kwake Kondele, kwa mchanga wa ziwani, na wateja walizisifu ingawa mchanga kidogo ulibaki. Onyesho lilianza saa tisa. Ilipokaribia saa kumi na moja filamu ilikwisha, mkanda ukajikunja wote kwenye gurudumu, na Wepukhulu, mwendesha mashine, akazima taa yake. Hapo sehemu ya pili ikaanza.

Ilikuwa hivyo tangu mwaka 1966. Picha ziliendelea tu kwenye kitambaa cheupe, mashine imezimwa, Wepukhulu amefungua vifungo vya shati anakunywa chai. Mwanzoni alimwandikia mwenye jumba kumweleza. Mwenye jumba akajibu kwamba kama haitumii umeme, yeye hana neno.

Sehemu za pili hazikuwa na fahari ya zile za kwanza. Mchunga ng'ombe mwenye bastola mbili, aliyemaliza filamu yake akienda zake machweoni juu ya farasi, alionekana amefika Sondu siku ya soko, amenunua fahali wa pembe moja, na mkewe hakumsemesha siku tatu. Baadaye alijiunga na kwaya ya kanisa, sauti ya nne, akawa anaimba macho yako mbali hata kitabu kikiwa mbele yake. Bwana wa ngome aliyekuwa akinyonya damu za watu alihamia kando ya ziwa kwa ajili ya afya yake. Usiku wa kwanza mbu walimnyonya yeye, akalazwa wiki mbili kwa malaria, akatoka mpole, akafungua duka la vyandarua. Bingwa wa mbio za magari ya farasi huko Roma alivuta mkokoteni wa maji pale Kondele, akilalamikia kilima. Na wale mapacha wa filamu ya Kihindi, waliokumbatiana kwa machozi baada ya kupoteana miaka ishirini, walikuwa hawasemezani kwa sababu ya ukuta wa choo.

Watu walizipenda kuliko filamu zenyewe. Kina mama waliwashauri mashujaa kwa sauti kutoka vitini, na mashujaa waliowahi kusikia shauri wakalifuata walifanya vizuri zaidi kuliko wengine.

Seline hakuwa akiingia. Sinema ndiyo iliyomchukua mumewe, na alikuwa na kinyongo nayo, hakuficha.

Mwaka 1957 wazungu wa filamu walipita vijiji vya pembeni mwa ziwa wakitafuta wanaume ishirini wa kubeba mizigo mbele ya kamera. Ouma alikuwa mmoja wao. Aliaga asubuhi, kata ya majani ya ndizi kichwani, akasema atarudi kabla mtama haujavunwa. Walirudi kumi na tisa. Walisema waliachana na Ouma mlimani. Kampuni ilisema iliajiri kumi na tisa tangu mwanzo.

Kwao, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake, tunda lile refu la mti wa mwegea, zito kama mtoto mchanga. Huvikwa nguo za aliyepotea, huliliwa kilio chote kinachostahili, na baada ya hapo mke ni mjane, na mjane hurithiwa. Gordon, mdogo wake Ouma, alikuwa na yago lake tayari ghalani miaka kumi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili, alikoroma, na alitaka mambo yafike mwisho. Seline hakutaka kuwa wa tatu. Alimtaka Ouma, na kila mwaka Gordon alipouliza, alijibu, "Bado, shemeji."

Jumamosi moja ya Machi 1969, Wepukhulu alishuka mpaka mlangoni na kikombe mkononi.

"Mama Dorca, kuja ndani. Kuna mtu wenu huko anaongea Kijaluo."

Seline aliingia na beseni lake la njugu. Filamu ilikuwa ya mzungu anayetafuta ziwa la dhahabu. Wepukhulu alimweleza kwamba katikati yake mpagazi wa tatu anateleza na kutumbukia korongoni, mzungu anatazama chini, anavua kofia na kusema, "Sanduku la dawa limepotea," kisha safari inaendelea. Sasa ilikuwa sehemu ya pili. Ouma alikuwa anapanda kutoka korongoni, magoti yamechubuka, sanduku liko kichwani, akimuuliza mchunga mbuzi kama ameona wazungu wakipita.

"Amekonda," Seline alisema.

"Lakini anatembea vizuri," akasema mama aliyekuwa karibu naye, akamsogezea nafasi.

Seline alilia kidogo, kisha akala njugu zake mwenyewe mpaka kitako cha beseni kikaonekana. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu amzae Dorca.

Jumatatu mikanda ilirudishwa Nairobi kwa treni. Ouma hakurudi nayo. Jumamosi iliyofuata, mchunga ng'ombe alipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Ouma alipita nyuma ya kanisa na sanduku lake, akamuuliza njia ya Kisumu. Mchunga ng'ombe akanyoosha kidole machweoni, maana njia aliyoijua ni hiyo moja, na Ouma akapoteza miezi minne upande wa Homa Bay. Alirudi kupitia kwa bwana wa vyandarua, aliyempa mahali pa kulala na kumtazama shingo kwa adabu tu.

Gordon alipata habari, akaja na Mzee Absalom, aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya kienyeji na ambaye ukoo ulimsikiliza. Filamu ya ziwa la dhahabu ilikuwa imeletwa tena wiki hiyo, kwa hiyo waliona yote, kuanguka na kutembea.

"Kuanguka ameanguka, sisi wote tumeona," Mzee Absalom alisema nje, akichagua njugu zisizo na mchanga. "Lakini pia anatembea. Sasa utazikaje mtu anatembea? Tungoje mvua ndefu. Akifika mbele ya mvua, maneno kwisha. Asipofika, Gordon alete yago."

"Na akinyeshewa njiani?" Gordon aliuliza.

"Hiyo ni shauri yake."

Tangu siku hiyo Seline alikaa kiti cha mbele kabisa. Ouma alipofika Awasi na kutaka kukata kushoto mashambani, alimwambia, "Hapana, Baba Dorca. Fuata lami." Akaifuata. Februari ikaisha. Machi mawingu yalianza kujipanga juu ya ziwa kila alasiri, na Gordon alikuwa ameshalifuta yago vumbi na kuulizia bei ya jamvi. Seline hakulala vizuri wiki tatu. Alihesabu mawingu, akahesabu na maili.

Jumamosi ya pili ya Machi 1970, Ouma aliingia Kondele. Hakuitambua, maana alipoondoka palikuwa na nyumba chache tu. Bingwa wa Roma aliacha mkokoteni wake akamwonyesha njia ya mjini. Ouma alishuka barabara, akapita soko, akafika mbele ya jumba la sinema, akaingia. Akasimama kwenye kitambaa, mkubwa kuliko alivyokuwa siku za uhai wake kijijini, akitazama vitini. Matone ya kwanza yaligonga mabati. Gordon akamtazama Mzee Absalom, na Mzee Absalom akasema hiyo si mvua, ni manyunyu.

"Mama Dorca," Ouma alisema.

"Umefika."

"Wale wazungu wako wapi? Niko na sanduku yao."

"Hawako hapa. Tua."

"Walisema nisitue mpaka waniambie."

"Mimi ndio nakuambia. Tua."

Ouma alifikiri, kisha akapiga magoti na kulitua sanduku. Shingo yake ilitoa mlio uliosikika mpaka viti vya nyuma. Mama mmoja akamwambia alifungue, angalau ajue dawa zenyewe kama hazijaharibika. Akalifungua. Ndani mlikuwa na mawe ya mtoni, yamefungwa kwa magunia yasigongane. Wenye filamu walikuwa wameyapakia ili wapagazi wainame sawasawa.

"Ni mawe," Ouma alisema.

"Ni mawe," alisema Seline.

"Mimi nilifikiria ni dawa."

Kisha Mzee Absalom akamwambia aketi apumzike, na Ouma akaketi juu ya sanduku.

Alijaribu kutoka. Mguu ulifika ukingoni mwa kitambaa ukasimama, naye hakuulazimisha. Mzee Absalom aliamua kwamba kuna wanaume wanaofanya kazi Nairobi na wanaonekana kwao Krismasi tu, na wake zao hawaitwi wajane. Huyu ataonekana kila Jumamosi. Gordon alilitupa yago nyuma ya ghala, akaonekana kama mtu aliyepumua.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri. Kila Jumamosi, filamu ya wiki ikiisha, Ouma alitokea, akaketi, wakaongea habari za mtama na za Dorca, aliyekuwa ameolewa Sondu. Wengine walileta kesi zao ndogo ili naye atoe maoni. Seline alinenepa kidogo.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Ouma. Mwishoni mwa filamu yake yalipita majina ya wote walioifanya, na Wepukhulu alikuwa amemwambia lake halimo. Hakutaka kingine. Seline akamwomba Mzee Absalom aiandikie kampuni. Jibu lilikuja baada ya miezi minane, karatasi nene yenye picha ya simba juu, na Mzee Absalom alimsomea Seline mara mbili. Kampuni ilifurahi kusikia kwamba filamu inapendwa Kisumu. Kwa kumbukumbu zake, aliyeanguka korongoni alikuwa mwanasesere wa majani, na hakuna mwafrika aliyepotea. Sanduku lilikuwa mali ya kampuni, na kama limeonekana, wangeshukuru likirudishwa pamoja na vilivyomo.

Jumamosi Ouma aliuliza, "Wamejibu?"

"Wamejibu. Wanakusalimu," Seline alisema.

"Na jina?"

"Wameandika."

Filamu ile ililetwa tena Desemba. Majina yalipoanza kupita, Ouma alikuwa amesimama wima upande wake wa kitambaa. Kutoka huko herufi zinaonekana kinyume, na hata zingekaa sawa, hakujua kusoma. Yalipita ya wakubwa, ya wapishi, ya washona nguo.

"Ni hilo?" aliuliza.

Wakati huo lilikuwa linapita jina la mbwa wa mzungu.

"Ndilo hilo," Seline alisema, na watu wa viti vya mbele wakapiga makofi.