Siku Tatu za Kwanza

Mama yangu amefundisha watoto wa kanisani miaka kumi na tisa, na muda wote huo amekuwa akiwaambia kwamba siku sita za uumbaji huenda zilikuwa ndefu kuliko hizi zetu. Hakuna aliyejali. Watoto wenyewe walikuwa wanangoja biskuti.

Balaa lilianza kanisa liliponipa kazi ya kuchora ukuta wa darasa lake. Picha sita, siku sita. Mimi ni fundi rangi. Shule niliikimbia mapema, ila ukuta naujua. Nilikuwa nimeshapiga nyeupe na kugawa nafasi sita kwa penseli, mara akaingia Mzee Dakika.

Huyu ni mzee wa kanisa, na kazi yake ni fundi saa. Jina alipachikwa kwa sababu mahubiri yakizidi kidogo tu, anasimama na kumwonyesha mchungaji mkono wenye saa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chini ya kila picha uandike: saa ishirini na nne."

"Kila picha?"

"Zote sita. Jioni imetajwa, asubuhi imetajwa. Unataka nini tena?"

Mama alikuwa anapanga mabenchi. Akasema bila kugeuka, "Mbele za Mungu miaka elfu ni kama siku moja. Nayo imo humohumo kwenye Biblia, mzee."

"Imesema *kama*. Haikusema *ni*."

"Saa ya mchungaji ulisema utaimaliza kwa siku mbili. Huu mwezi wa nne."

"Ile ina shida ya springi," akasema Mzee Dakika. Halafu akatoa lililomleta. "Wazee tumekaa, mwalimu. Kitakachoandikwa ukutani ndicho kitakachofundishwa humu. Asiyeweza, ampishe mwingine."

Mama akarudi kwenye mabenchi yake. Alisogeza benchi moja likae sawa, akalirudisha lilipokuwa, akalisogeza tena.

Nyumbani nikamwambia naiacha hiyo kazi.

"Ukiacha wataleta mwenye mwandiko mbaya," akasema. "Chora, baba. Chora kama unavyochora siku zote."

"Na wewe?"

"Siwezi kuwaambia watoto najua kitu nisichokijua. Nitawaaga." Alikuwa anakunja shuka. Alilikunja mpaka likawa dogo kama leso, na bado akawa anatafuta pa kukunja.

Kesho yake nikaanza na picha ya tatu, kwa sababu miti naiweza. Nikaipaka, nikaiwekea vivuli, ikasimama vizuri. Mzee Dakika akaja kukagua.

"Hivi vivuli vya nini?"

"Vya miti."

"Jua limeumbwa siku ya nne. Hii ni ya tatu. Futa."

Nikafuta. Miti ikabaki kama nguo zilizoanikwa. Sasa mimi nikakwama kweli, maana fundi hagusi picha kabla hajajua mwanga unapigia wapi.

"Mzee, mwanga upo tangu siku ya kwanza, jua hamna. Niupake ukitokea upande gani?"

"Kwa Mungu."

"Sawa. Kulia au kushoto?"

"Kijana, usinitanie."

"Sikutanii, mzee. Nina brashi mkononi, rangi inakauka. Na jioni ya siku ya pili nichore nini kinazama?"

Akautazama ukuta. Akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. Mimi nikanywa chai, nikaosha brashi, nikarudi, nikamkuta palepale. Mzee Dakika ana ubaya wake, lakini fundi saa wa kweli hawezi kukutajia saa asiyoiona.

"Sijui," akasema mwishowe, kama mtu anayetema jino.

Wazee wakakaa tena, wakaamua kama wazee wanavyoamua: nusu kwa nusu. Picha ya nne, ya tano na ya sita ziandikwe saa ishirini na nne. Tatu za kwanza zisiandikwe kitu, na mwanga niupake pande zote. Nikaupaka. Zimetoka mbaya, sifichi.

Na darasa likagawanywa vilevile. Mama afundishe siku tatu za kwanza. Akimaliza, ampishe Mzee Dakika afundishe tatu zilizobaki, na Mama ndiyo basi, hafundishi tena. Mama alikubali upesi mpaka nikamshangaa.

Leo ni mwezi wa saba tangu darasa ligawanywe. Kila Jumapili Mzee Dakika anakuja na Biblia yake, daftari lake na chaki aliyojinunulia, anakaa nje chini ya dirisha akingoja zamu yake. Jumapili iliyopita nilikuwa napaka fremu ya dirisha hilohilo, nikamsikia akiinuka na kuchungulia ndani.

"Mwalimu, mmefika wapi?"

"Siku ya pili, mzee, ya kutenganisha maji."

"Bado tu?"

"Maji ni mengi," Mama akasema, akawageukia watoto.