Dakika Kumi za Seumalae

Mume wangu Seumalae alikuwa mbunge wetu miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kukosa adabu, isipokuwa siku moja tu. Hata wapinzani wake walimsifu. Akisimama kuchangia, redio za kijijini huongezwa sauti na wanawake huacha kusuka mikeka, kwa sababu aliyajua majina ya heshima ya kila kijiji cha visiwa vyetu viwili, Upolu na Savai'i: machifu wake, viwanja vyao vya baraza, mabinti wao wa nasaba. Aliyataja yote bila karatasi kabla ya kuigusa hoja. Kwetu hufungui mdomo mbele ya watu wazima bila kuwapa haki yao hiyo. Ukikiruka kijiji kimoja, umewatukana hata waliomo makaburini.

Shida ni kwamba mbunge hupewa dakika kumi. Nchi yetu ni ndogo, lakini si ndogo kiasi hicho. Seumalae alikuwa akivifikia vijiji vya mwisho vya Savai'i, anameza mate ili aanze habari ya mto wetu, na Spika anagonga kengele. Naye, mstaarabu wa watu, anashukuru na kuketi. Mimi nikimsema nyumbani, ananijibu kuwa heshima si utumwa.

Mto wetu hauna daraja. Kiangazi gari hupita juu ya mawe. Mvua zikishuka, hakuna kiumbe anayevuka. Na wifi yangu Moeata, dada yake Seumalae, alikuwa ameharibikiwa na figo. Mara tatu kwa wiki ilimbidi avuke aende hospitali kusafishwa damu. Mvua za mwaka uliopita alikwama upande wa kijiji mpaka akavimba uso macho yasionekane, tukamwokoa kwa bahati tu. Nilimsihi ahamie mjini, tunakokaa wakati wa Bunge. Alikuja, akakaa kidogo, akarudi kwa mama yao kikongwe ambaye hali chakula cha mkono mwingine.

Bajeti ilipokaribia, Moeata alimwita kaka yake. Nami nilikuwepo, namenya magimbi. Kwetu kaka hamkatalii dada yake. Neno lake ni kama neno la kanisani, na anayelipuuza huwatafutia wanawe laana.

"Kaka, safari hii anza na mto," alimwambia. "Salamu utazitoa muda ukibaki."

"Dada, hilo gumu. Watasema nimelelewa porini."

"Waseme. Si mimi niliyekulea? Nitawajibu mwenyewe. Hao unaowasalimia kila mwaka, nani kati yao amekuja kunibeba ng'ambo?"

Seumalae alinitazama nimsaidie. Nikaendelea kumenya magimbi. Mwishowe akasema amesikia.

Siku yenyewe tulikaa na wifi mbele ya redio. Nilisikia jina lake likiitwa, kisha sauti yake, kavu, si ile niliyoizoea.

"Mheshimiwa Spika, naomba daraja. Dada yangu anakufa ng'ambo ya mto."

Basi. Ukumbi ukalipuka. Mbunge mmoja wa Savai'i alisimama kuuliza kama mheshimiwa anadhani anaongea na nguruwe wake. Wengine wakadai atolewe nje. Spika alitoa uamuzi kwamba maneno yaliyosemwa bila salamu ni tusi kwa Bunge, yafutwe kwenye kumbukumbu, na msemaji aombe radhi. Na kuomba radhi kwetu si kusema samahani. Ni kumtaja kila uliyemkosea, kijiji kwa kijiji. Seumalae akaanza upya, hakuacha hata kimoja. Kengele ikagongwa.

Moeata akaizima redio. Alisema angalau kaka yake kalisema neno. Bajeti ikapita, na mto wetu haukuwamo.

Nilidhani kijiji kitamtetea. Wapi! Baraza la machifu lilimtoza faini ya nguruwe wakubwa na maboksi ya samaki wa kopo, kwa kukiaibisha kijiji mbele ya nchi. Watu walewale wanaovuka maji hayo wamekunja nguo kiunoni! Wakawala nguruwe wetu na kuyasifia mafuta yao. Sijawasamehe.

Mvua za mwaka huo ziliwahi. Seumalae alimbeba dada yake mgongoni mpaka ukingoni, akaingia majini, wanaume wakamrudisha kwa nguvu la sivyo tungezika wawili. Moeata akafa nyumbani, na ngurumo ya mto ilikuwa kubwa hata mchungaji ikambidi apige kelele kusoma sala.

Maji yalipopungua tukafanya mazishi. Waziri mwenye barabara alikuja na msafara, akaleta mikeka ya thamani, akatoa heshima zetu zote bila kukosea. Kisha akasema kwa upole:

"Ndugu zangu, nimeumia. Niliwatuma maofisa wangu wapekue kumbukumbu za Bunge, michango yote ya mheshimiwa, miaka tisa. Neno daraja halimo. Laiti angeomba, hata kwa sentensi moja."

Sidhani kama alidhihaki. Siku ile ya bajeti alikuwa safarini nje ya nchi, naye aliamini alichosomewa. Wazee wa baraza waliinamisha macho, wakakuna magoti yao.

Nilimngoja mume wangu apige ukelele. Nilitamani akamate mkeka mmojawapo amtupie usoni. Lakini mgeni aliyeleta mkeka msibani lazima ajibiwe, na mwenye kujibu ni yeye. Seumalae akasimama kando ya jeneza la dada yake. Akaanza na kijiji cha waziri, machifu wake, uwanja wao wa baraza, mabinti wao wa nasaba, polepole, hakusahau mtu. Kisha akamshukuru kwa kuja.