Wavuta Kamba wa Kiwiko cha Hidaya

Usiku wa jana niliota niko ndani ya kovu la mwanangu Hidaya.

Sikushangaa. Nilibisha hodi, nikavua ndala, nikaingia. Kovu hilo liko kwenye kiwiko chake, pale alipomwagikiwa chai ya moto. Ndani palikuwa na uwanja mpana, na seli, chembe hai za mwili wake, wamejipanga mistari wakivuta kamba. Walikuwa na mikono mingi, nyuso hawakuwa nazo.

"Mnavuta nini jamani?"

"Kiganja," akajibu wa mbele bila kugeuka. "Tunakileta begani. Kikifika tunafunga mlango, mkono usikunjuke tena."

Nikawasihi waache.

"Mama, sheria yetu ni moja. Kamba ikikaza, tunavuta zaidi. Tukivuta zaidi, inakaza. Na upande wa pili hajaja mtu wa kuvuta."

Alisema kweli. Hospitali waliagiza mkono unyooshwe kila asubuhi, lakini Hidaya akilia tu, mama mkwe hunijia juu: "Mwache mjukuu wangu! Una roho ya chuma wewe?" Basi namwacha.

Ghafla uwanja ni jiko langu. Kuta zinasogea. Sinia linajikunja kama chapati. Mkono wangu mwenyewe unaanza kupanda begani, na kovu linasema kutoka darini, kwa adabu zote:

"Shikamoo, mama. Tunakaribia kufunga."

"Marahaba," naitikia, meno yakigongana.

Naiona ncha ya kamba sakafuni. Naishika kwa mkono uliobaki, navuta. Kamba inalia kwa sauti ya Hidaya: "Mama, inauma! Niache!"

Vidole vinalegea. Seli wanapiga hatua nyuma kwa pamoja, na bawaba za mlango zinaanza kulia. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

"Lia, mwanangu," nasema, "lakini sikuachii." Navuta, nalia kuishinda kamba.

Niliamka nimelowa jasho. Kiganja changu kilikuwa kinawaka moto. Katikati yake palikuwa na mchubuko mwembamba, mwekundu, kama wa mtu aliyeteka maji kisimani bila kuzoea.

Hidaya alikuwa ameketi pembeni yangu, ananitazama. Akaunyoosha mkono wake mbovu hadi ulipogomea, akauweka mapajani mwangu.

"Wamesema watarudi," alininong'oneza. "Nivute sasa, mama, kabla bibi hajaamka."