Mbao za Rafiki

Picha ya Sajini iliwekwa juu ya meza ndogo uani, na wageni, bila kuambizana, wakajazana upande wake wa kushoto. Viti vya kulia vilibaki vitupu. Mji mzima ulijua kwamba sikio la kulia la Sajini lilikufa vitani, na aliyetaka kusikilizwa alikaa kushoto. Mazoea yana taabu. Hata mtu akishafumba macho, watu humkalia upande unaosikia.

Kitindamimba wake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, nusura acheke. Kisha akakumbuka kwamba ni yeye aliyepangiwa kumzungumzia marehemu mbele ya halaiki ile, na kicheko kikamkauka. Alfajiri kaka yake mkubwa alikuwa amemvuta pembeni.

“Sema vita, sema duka, sema malezi,” alimwambia. “Ule ugomvi wa mbao uruke. Mzee wa Mbao mwenyewe amekuja.”

Kwa kweli alikuwa amekuja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na lango, kofia ameipakata magotini.

Ugomvi wenyewe nani asiyeujua? Sajini aliporudi kutoka vitani alifungua duka la samani, na aliyemuuzia mbao tangu kitanda cha kwanza alikuwa huyu mzee. Walikuwa chanda na pete. Mwana wa mmoja akamposa binti wa mwenzake, na binti huyo ndiye kitindamimba. Harusi ikiwa imekaribia, asubuhi moja Sajini alisimama mbele ya duka, wateja na wachukuzi wakimtazama, akagonga shehena iliyokuwa imeshushwa, akasema mbao zile ni mbichi, na kwamba mtu wa kumuuzia mbao mbichi hawezi kuwa mkwe wake. Kwa mtu aliyejijengea jina kwa kuanika mbao zake kwa subira, tusi lile lilikuwa sawa na kumwambia mpishi haogi. Shehena ilirudishwa, uchumba ukafa, na marafiki wawili hawakusemezana tena.

Watu walisema ni hasira za kambini. Kitindamimba naye, ambaye moyoni hakumtaka yule bwana hata kidogo, aliishukuru bahati na kumlaumu baba. Baadaye aliolewa na mwalimu aliyempenda, akazaa, akarudi kumsaidia baba dukani. Na kila Sajini alipopandisha sauti, binti alimtania, “Vipi baba, mbao mbichi tena?” Sajini alitabasamu akitazama sakafu. Utani ule ulichekesha nyumba nzima kwa miaka.

Sasa Koplo aliingia, mzee aliyepigana vita bega kwa bega na marehemu, akijikongoja kwa fimbo. Alipita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kukaa kulia kwa picha, peke yake. Kaka mkubwa akamwinamia kwa adabu.

“Shikamoo, baba mdogo. Njoo huku kwa wenzako. Huko ni upande wa sikio bovu.”

“Marahaba. Bovu nani kakwambia?” Koplo aliguna. “Lililopasuka ni la kushoto. Nilimfunga kitambaa mimi, kwa mikono hii, shati langu likalowa damu yake.”

“Labda umesahau, baba mdogo. Siku nyingi.”

“Nimesahau mengi, hilo sijasahau. Nilimtembelea dukani nikakuta wateja wote kawaweka kushoto. Nikamwuliza, Sajini, mbona umegeuza? Akaniambia, ‘Koplo, mteja akitaka nipunguze bei hunililia mpaka nataka kumpa kitanda bure. Huyo mpe sikio lililokufa. Hili zima nimewawekea watu wangu.’”

Waliokuwa karibu walicheka. Kitindamimba hakucheka. Alishika mwimo wa mlango.

Maana wao, watoto wa nyumba ile, waliyamimina yao yote katika sikio la kulia. Jioni Sajini aliketi kwenye benchi akipiga viatu rangi, na mwenye lake moyoni alijisogeza upande ule akanong’ona: aliyevunja kikombe, aliyefeli mtihani, aliyeogopa giza. Ilikuwa raha kumweleza baba bila baba kujua. Na yeye, harusi ikinukia, alikaa pale pale akasema, “Baba, simtaki. Nikiingia nyumba ile nitanyauka. Lakini wewe na rafiki yako mmefurahi mno, mimi sina mdomo wa kuwavunjia.” Sajini aliendelea kupiga brashi. Kisha akauliza kama chai imebaki.

Siku chache baadaye ndipo mbao zilipokuwa mbichi.

Aligeuka akaingia jikoni. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akiwaacha wengine wapike.

“Mama, sikio la baba. Ulijua?”

Mama alimgeukia. “Mimi nimelala upande wake upi miaka yote hii?”

“Wa kulia.”

“Basi. Ulidhani nazungumza na ukuta?”

Kitindamimba alijikuta amekaa chini, sakafuni. “Na mbao?”

Mama alinyoosha kidevu kuelekea rafu ya sufuria. “Ubao mmoja ulisahaulika uani siku ile. Akanitengenezea hiyo. Imepinda?”

Rafu haikuwa imepinda. Ilibeba sufuria zote za nyumba ile, na maji yangesimama juu yake bila kumwagika.

“Nilimwambia atafute sababu nyingine,” mama alisema taratibu. “Mbao za mwenziwe zina kosa gani? Akaniambia sababu ndogo ingesamehewa kesho yake, na harusi ingerudi. Ilibidi aseme neno lisilosameheka. Na akanifunga mdomo, kwamba wewe ukijua, utajitia kuolewa na yule kijana ili uwapatanishe wazee.”

“Na mimi nikawa namcheka.”

“Ulimcheka. Akafurahi kwamba unacheka.”

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Alikumbuka alivyokuwa akimwona baba yake akipita mbele ya kiwanda cha Mzee wa Mbao, jinsi alivyopunguza mwendo alipofika langoni, kisha akauongeza. Siku zile alidhani ni kiburi. Kumbe mtu alikuwa na hamu na rafiki yake, na hakuwa na namna ya kuingia. Alimwonea huruma baba yake kwa mara ya kwanza, na huruma iliyochelewa haina pa kuwekwa.

Kaka alichungulia mlangoni. “Wanakungoja.”

Alitoka. Alisimama karibu na meza, uso bado umelowa, na mnong’ono ukatulia.

“Baba yangu alikuwa askari,” alisema. “Hayo Koplo atawaeleza, na atatia chumvi. Alikuwa mfanyabiashara, vitanda vyake mnavilalia, ushahidi mnao.” Watu walicheka kidogo. “Mimi nina neno moja tu. Zile mbao zilikuwa kavu.”

Kicheko kilikatika. Kaka mkubwa aliinamisha kichwa.

Kule nyuma, Mzee wa Mbao alisimama, polepole, kofia mkononi.

“Kwamba zilikuwa kavu najua, mwanangu,” alisema. Sauti haikuwa na ukali. “Nilizianika mwenyewe. Niambie kwa nini.”

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wote walimtazama kitindamimba. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema vita humwachia mtu hasira, na wangeitikia wote, kama walivyoitikia siku zote.

“Kwa ajili yangu,” alisema. “Sikumtaka mwanao, nikamnong’oneza baba. Akachagua kukupoteza wewe.”

Mzee wa Mbao alibaki amesimama vile vile, akiitazama picha.